Betri Kwanza

Siku ya kwanza nilipomwona Sanjida Apa, yaani Dada Sanjida, alikuwa anampiga mwanamume mwenye ndevu kwenye vifundo vya vidole kwa mpini wa bisibisi. Yule mwanamume, Naushad, alikuwa mkubwa kuliko yeye kwa umri na kwa mwili. Hata hivyo alikuwa ametandaza kiganja chake juu ya gunia kama mtoto wa madrasa, anapigwa huku anatazama pembeni.

"Nilikuambia unaanza na nini?"

"Betri kwanza, Apa."

"Na wewe umeanza na nini?"

"Feni."

"Feni! Unaona joto? Basi nenda nyumbani mkeo akupepee."

Waliokuwa wamekaa chini kando ya ukuta walicheka, na Naushad naye akacheka, maana asingecheka angeongezwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kifurushi changu kwapani, na roho yangu yote ilikuwa kituoni, kwenye treni ya kurudi kwetu Katihar.

Haji Mustaqim, mwenye karakana, akanisukuma ndani. "Apa, nimekuletea mwingine."

Sanjida Apa alinipima kuanzia miguuni kwenda juu. Nikaona kwamba nyusi yake ya kulia haipo. Mahali pake palikuwa na ngozi laini inayong'aa kama nta.

"Huyu anaongea?"

"Sijamsikia bado," Haji akasema.

"Wewe. Jina lako nani?"

Mimi tangu utotoni mwanamke akiniuliza kitu, maneno yanapanda mpaka kooni halafu yanakaa hapo hapo. Midomo ikatikisika, sauti haikutoka.

"Bubu," akasema. "Kaa hapa karibu yangu, Bubu. Angalau upande huu nitapumzika kelele."

Nikakaa. Nilikaa kwenye gunia lile, kushoto kwake, miaka mingi, na jina langu la Ilyas halikuwahi kutamkwa ndani ya karakana ile hata mara moja.

Kazi yetu pale Seelampur ilikuwa kuvunja kompyuta zilizokufa. Zililetwa na mikokoteni kutoka maofisini, benki, hospitali, vyuoni. Zile za mezani zilikuwa mzigo wa kawaida tu. Zilizopendwa ni seva, zile mashine bapa na ndefu, nzito kama jiwe la kaburi, ambazo mahali zinakotoka hulazwa kwenye kabati moja juu ya nyingine na kuwashwa mwaka mzima bila kuzimwa. Seva moja ilikuwa na RAM, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu, nyingi kuliko kompyuta ishirini, na RAM zina meno ya dhahabu. Nzima zinauzwa, mbovu zinakatwa meno, na meno yanaingia kwenye tindikali nyuma ya choo.

Sanjida Apa ndiye aliyekuwa mkuu wetu pale chini. Haji alikuwa na mizani na simu. Yeye alikuwa na bisibisi. Alikaa amekunja mguu mmoja, mashine mapajani, na mkono wake wa kulia ulifanya kazi kama kitu ambacho si chake. Angeweza kugombana na muuza mboga aliye barabarani, kunywa chai kwa mkono wa kushoto na kumtukana Naushad, na mkono wa kulia hauchelewi wala haukosei. Kitu cha kwanza ulichokwenda kutafuta ni betri. Kubwa, ndogo, hata ile ya mviringo iliyo kama kifungo cha shati, ilitoka kabla ya skrubu, kabla ya kifuniko cha pili, kabla ya chochote, na kutumbukia kwenye ndoo ya mchanga iliyo kati yake na mimi.

Sheria hiyo ilikuwa yake na ilikuwa na sababu. Kabla sijafika, mtu mmoja alitoboa betri ya laptop kwa bisibisi, nayo ikawaka juu ya gunia la waya. Mume wake Sanjida Apa alikuwa amelala usingizi wa mchana kwenye gunia la pili. Yeye aliingia kumvuta, akapoteza nyusi.

"Alikuwa anakoroma," aliniambia siku moja, kana kwamba anamsengenya jirani. "Alikoroma mpaka mwisho. Mwanamume yule hata kufa kwenyewe alifanya kwa uvivu."

Nilishindwa kujua kama nicheke. Akanitazama, akaona nimeshindwa, akacheka yeye.

Alikuwa mkatili, na sisemi hivyo kumkosea heshima. Yeye mwenyewe angekasirika kusikia anaitwa mpole. Aliwahi kuwatangazia wote kwamba nimechumbia mjane anayeuza mayai pale kona, na yule mjane akaja kuniuliza mbele ya watu kama ni kweli, nami nikakimbia nikaacha makubadhi. Siku nyingine alichovya kijiti kwenye tindikali akanidondoshea tone moja mkononi, atazame nitafanya nini. Nikapiga kelele.

"Lo! Kumbe anayo sauti!" akasema, na karakana nzima ikaangua kicheko. "Tena nzuri. Angeweza kuadhini."

Baadaye, bila kunitazama, alinirushia dawa ya kuungua aliyoitoa kwenye mkoba wake. Kovu ninalo mpaka leo.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Nuzhat, binti aliyefanya kazi ya kufungasha sweta katika kiwanda kimoja cha Gandhi Nagar. Jioni alimpitia mama yake ili waende nyumbani pamoja, nyumba ya shemeji yake Sanjida Apa, ndugu wa marehemu, aliyeitwa Iqrar. Nuzhat alikuwa mtu pekee aliyenisalimia kwa kuniita mjomba.

"Mjomba, leo huyu mama amekufanya nini?"

Mimi natabasamu, natazama ndoo.

"Amemfanya mtu," Sanjida Apa anajibu. "Lete mikono yako."

Alimshika mwanawe vidole, kimoja baada ya kingine, akivigeuza kwenye mwanga kutafuta alama za sindano na za kamba, kama anavyokagua meno ya RAM. Na muda wote anamtukana: chapati zake ngumu kama soli, kamwe hatapata mume, anatembea kama ngamia. Nuzhat anasimama tu, anacheka, mikono ameiacha kwa mama yake. Mimi jioni zile nilichelewa kuondoka kwa makusudi.

Kulikuwa pia na Ghufran, aliyepima vitu kwenye meza yake karibu na dirisha. Alikuwa amesoma kompyuta katika chuo kimoja cha Laxmi Nagar mpaka ada ikamshinda, na alikuwa na skrini, waya za kila namna, na tambuu shavuni tangu asubuhi. Kila RAM tuliyong'oa ilipita kwake. Yeye ndiye aliyetueleza, siku Naushad alipouliza kama kwenye RAM mna picha za watu.

"Hamna kitu humo," Ghufran akasema. "RAM inashika mambo wakati umeme upo. Ukikatika, inasahau mpaka jina la mama yake. Kinachokumbuka ni diski. Diski hata uifukie miaka kumi, ukiifukua itakuambia kila ulichofanya."

"Basi Bubu ni diski," Sanjida Apa akasema. "Hakuna anayejua alichoandika humo ndani."

"Na wewe Apa?"

"Mimi ni betri. Mniondoe kwanza kabla sijawachoma."

Tulicheka sana siku ile.

Nuzhat alikufa mwezi wa sita, wakati wa joto. Mlango wa lifti ya mizigo pale kiwandani ulifunguka na lifti haikuwapo. Wafanyakazi wote walijua kwamba mlango ule hudanganya, na walikuwa na desturi ya kutanguliza mguu kupapasa. Yeye alikuwa amebeba rundo la sweta mbele ya kifua, haoni chini. Mtu mmoja alikata umeme wa jengo zima ili lifti isije ikamshukia, lakini hapakuwa na haja tena.

Kama Lala mwenye kiwanda angekaa kimya, ingekuwa msiba kama misiba mingine. Hakukaa kimya. Kabla maiti haijaoshwa alikuwa ameshawaambia polisi, na polisi wakamwambia Iqrar, na Iqrar akaambia mtaa, kwamba binti alikuwa anatoroka na sweta za wizi kupitia mlango wa mizigo, na kwa haraka zake akatumbukia. Sweta si zilikutwa naye chini? Sanjida Apa alikwenda kiwandani na vumbi la makaburini kwenye nguo. Akaomba kuonyeshwa kamera ya korido ya lifti.

"Kamera mbovu," Lala akamwambia. "Tangu sikukuu ya Diwali."

Mlinzi wa getini alimfuata mpaka barabarani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Apa, si mbovu. Mimi kila asubuhi najitazama humo nikichana nywele. Lakini usiseme nimesema." Wenzake Nuzhat wa kufungasha walipita wakainamisha vichwa. Walikuwa na zamu.

Siku ya tatu, baada ya kisomo, Iqrar alisimama katikati ya watu wanaokunja mikeka. Nilikuwapo; nilikuwa nakusanya vikombe.

"Nimesoma ya siku tatu kwa sababu ya marehemu kaka yangu," akasema. "Arobaini haitasomwa kwangu. Mwizi hasomewi katika nyumba yangu."

"Mwanangu si mwizi," Sanjida Apa akasema.

"Lete ushahidi, shemeji. Ukileta, mimi mwenyewe nitachinja mbuzi."

Watu waliinua vichwa kumtazama atajibu nini. Alikuwa mwanamke ambaye kila mtu alikuwa na deni naye la tusi moja au mawili. Alivuta ushungi, akatoka nje. Nikaona nyuso mbili tatu zimefurahi.

Hakukaa matanga nyumbani mle. Siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, alirudi karakana, akakunja mguu, akashika bisibisi.

"Pole, Apa," Naushad akasema. Halafu akashindwa kujizuia: "Sweta zenyewe zilikuwa za sufu au za nailoni?"

Wengine walitazama chini. Mmoja alikohoa kicheko. Sanjida Apa alimtazama Naushad. Akageuka upande wangu, upande usio na kelele.

Kallan, msukuma mkokoteni, alikuwa ameshusha seva moja hapo mbele yake akaenda kunywa maji. Sanjida Apa aliivuta mapajani bila kuitazama. Mkono wa kushoto ulikuwa na chai niliyomletea. Akaanza kunisimulia, taratibu, jinsi walivyomwosha Nuzhat.

"Nywele zilikataa kufunguka," akasema. "Damu ilikuwa imezigandisha. Yule mwoshaji akasema tuzikate. Nikamwambia kata shingo yako. Nimezifungua mwenyewe, Bubu. Uzi mmoja mmoja."

Nilikuwa namsikiliza, lakini siwezi kumtazama mtu usoni anaposema mambo kama hayo, kwa hiyo nilitazama mkono wake wa kulia. Ulifungua kifuniko. Mbele, mahali pa diski, palikuwa matundu matupu. Ukapita juu ya RAM, ukafika kwenye kadi moja iliyosimama pembeni, kadi ambayo si kila seva inayo. Juu yake palikuwa na taa ndogo inapepesa, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Hatukuwa na mazoea ya kujali vitaa. Vitu vingi hufika kwetu havijamaliza kufa. Pembeni ya kadi palikuwa na betri bapa iliyovikwa plastiki ya kijani, na waya mwembamba. Vidole viwili vikabana ule waya, vikavuta. Taa ikazima. Betri ikatua kwenye mchanga.

"Na uso wake ulikuwa mzima kabisa," akasema, akanywa chai.

Kallan alirudi anajifuta mdomo. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa maneno.

"Hiyo nimeitoa Gandhi Nagar asubuhi hii. Yule Lala ana wazimu. Diski kazitoa mwenyewe, kazilaza kizingitini, kazipiga nyundo mpaka zikawa unga. Nikamwambia bwana, hizo nzima zina bei, akaniambia beba kilichobaki uondoke. Kiwanda cha sweta kile..."

Hapo akaelewa yuko mbele ya nani. Akaziba mdomo kwa kitambaa chake cha shingoni.

Sanjida Apa aliweka kikombe chini. Aliipapasa ile mashine juu, pembeni, chini, kama mtu anayepapasa mtoto aliyeanguka kutazama ameumia wapi. Halafu akainuka nayo. Mzigo ule huinuliwa na wanaume wawili. Aliubeba peke yake mpaka kwenye meza ya Ghufran, akaubwaga juu ya vitu vyake.

"Ndimo alimo," akasema. "Mtoe."

"Apa, diski hakuna."

"Mtoe humo."

"RAM nilikwambia, inasahau. Diski zimepigwa nyundo. Hapa una sanduku la..." Ghufran alikuwa amechungulia ndani. Akatoa tambuu shavuni, akaitemea mkononi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Ngoja. Hii kadi."

Sote tulisogea.

"Sikilizeni. Kitu kikija kutoka kwenye kamera hakiingii kwenye diski moja kwa moja. Kinapumzika hapa kwanza, kidogo tu, halafu ndipo kinaandikwa. Hii nayo ni kumbukumbu ya kusahau, kama RAM. Lakini kwa kuwa umeme unaweza kukatika kabla haijaandika, wameiwekea betri yake. Umeme ukikatika, betri inaishikilia isisahau. Siku tatu, wakati mwingine zaidi." Alikuwa anaongea haraka. "Umeme ulikatwa pale pale alipoanguka, sivyo? Basi cha mwisho kabisa kilichoonwa na kamera, kama hakikuwahi kuandikwa, kimo humu. Kule Nehru Place, kwenye soko la kompyuta, namjua mtu anayeweza kukisoma. Apa, hata kama ni punje tu. Mlango unafunguka, lifti haipo."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya vile. Hata ile ngozi ya nta ilipata rangi.

"Iko wapi betri yake?" Ghufran akauliza.

Pembeni ya kadi palikuwa na nafasi tupu na kitundu cha waya.

Sanjida Apa alirudi kwenye ndoo, akapiga magoti, akachimba mchanga kwa mikono yote miwili. Alitupa betri za laptop, za simu, vile vifungo, mpaka akaipata ya kijani. Akaipuliza mchanga. Akaifuta kwa ushungi.

"Irudishe."

"Apa..."

"Bado ni ya moto. Nimeishika, ni ya moto. Irudishe."

"Ni jua, Apa. Ukishaitoa..."

"Irudishe, mwana haramu!"

Ghufran aliirudisha. Akaunga waya wa umeme na wa skrini, akawasha. Feni za seva zikalia kama ndege inayotaka kuruka. Ile taa ndogo haikupepesa. Kwenye skrini yakaja maandishi meupe, na Ghufran, ambaye husoma maandishi yale kama wengine wanavyosoma bango la sabuni, akayasoma polepole, akarudia.

"Inasema nini?"

"Inasema ilikuwa imeshika kitu ambacho kilikuwa hakijaandikwa." Akagusa skrini kwa kidole. "Inasema kimepotea. Betri iliondolewa."

"Kitu gani?"

"Haisemi. Ni kile kamera ilichokuwa inakiona wakati umeme unakatwa."

"Nuzhat."

"Labda. Labda ni korido tupu, Apa. Labda ni mlinzi anachana nywele. Hatutajua." Akazima mashine, kelele zikafa. Akatutazama. "Kadi hizi zina taa. Kama kweli ilikuwa imeshika kitu, taa ingekuwa inapepesa ilipofika hapa. Kuna aliyeiona taa ikipepesa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Ndiyo. Sijui kwa nini nilikubali. Mtu aliuliza na mimi nilikuwa nimeona. Ni mara chache naulizwa kitu ninachokijua.

Wote wakanigeukia.

"Wewe uliiona?" Naushad akasema. "Uliiona ikipepesa? Basi ulikuwa karibu yake kweli, Bubu. Na ikazima saa ngapi?"

Sanjida Apa naye alinitazama. Halafu akatazama mikono yake, akaigeuza viganja juu, imejaa mchanga. Aliutazama ule wa kulia kama anavyotazama kitu kilicholetwa na Kallan, ambacho hajui kimetoka wapi. Akaufunga ngumi. Alipoinua tena macho yalikuwa yametulia.

"Bubu," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshika chai."

Kweli alikuwa ameshika chai.

"Aliingiza mkono mapajani mwangu akaitoa," akasema, na kadiri alivyosema ndivyo sauti ilivyopata nguvu. "Nikiwa namsimulia habari za mwanangu. Mkono wake ndani ya mashine. Kama mwizi."

Maneno yalipanda. Nilihisi yamefika kooni, yote, mkono wa kushoto na mkono wa kulia na waya. Yakakaa.

"Sema basi," Ghufran aliniambia, na sauti yake haikuwa mbaya. "Kama si wewe, sema si mimi. Maneno mawili tu."

Nilimtazama Sanjida Apa. Alikuwa ananitazama kama wanavyomtazama daktari watu waliosimama mlangoni mwa wodi. Sikusema.

Alinishika mkono akautandaza juu ya gunia. Sikuuvuta. Alinipiga kwa mpini wa bisibisi kwenye vifundo mpaka kidole kidogo kikavunjika, na baada ya kuvunjika aliendelea, na Naushad alisimama juu yetu akisema, "Betri kwanza, Bubu! Si ndivyo tulivyofundishwa? Betri kwanza!" Alikuwa anacheka mpaka machozi. Kallan ndiye aliyemshika Sanjida Apa mabega. Haji Mustaqim aliacha simu yake akaja kutazama, akaniambia kesho nisije.

Habari zilifika kwa Iqrar kabla sijafika chumbani. Alinikuta njiani na watu wake, akanipiga pia, kwa ajili ya heshima ya ukoo. Lakini kuhusu arobaini hakubadilika. Aliwaambia watu msikitini, "Kosa la yule bubu silikatai. Lakini mimi niliomba ushahidi, nimeletewa hadithi ya betri."

Nilipata kazi ya kuosha vyombo kwa muuza supu ya miguu, ng'ambo ya daraja. Kidole kilijiunga kimepinda. Watu wa karakana walikuja kunywa supu, wakanicheka, na kupitia kwao nikasikia habari zake. Kwamba anapiga watu kuliko zamani. Kwamba betri bado ndiyo ya kwanza, ila sasa haitoi yeye. Amemkalisha Naushad kwenye gunia langu, kazi yake ni hiyo moja, na yeye hugeuza uso mpaka amalize. Kwamba ile seva hakuiuza. Haji aliikata kwenye malipo yake, naye huiweka mgongoni anapokaa, kama mto wa kuegemea.

Arobaini ilipofika, alisoma mwenyewe. Iqrar alimfungia mlango, basi akapika pale nje ya karakana, barabarani, sufuria moja kubwa ya wali na nyama ya nyati wa kufugwa, akamwita fundi wa makufuli anayejua Yasini. Kallan aliniambia. Nikaomba ruhusa, nikavaa shati safi, nikaenda.

Watu wa mtaa hawakuja. Walikuja wasukuma mikokoteni, waokota plastiki, na yule mlinzi wa kiwanda, aliyefunika uso kwa kitambaa. Na waliomcheka walikuwapo, maana wali ni wali. Sanjida Apa alikuwa amesimama nyuma ya sufuria na upawa mkononi. Alikuwa amekonda. Hakumtukana mtu yeyote, na hilo lilinitisha kuliko kipigo.

Nilipanga foleni. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Sikutaka kusema kitu. Nilitaka tu tutazamane mara moja, yeye na mimi, watu wawili walio peke yao duniani wanaojua mkono ule ulikuwa wa nani. Anipe hata kope tu. Hiyo ingenitosha. Kidole na kazi na jina, vyote ningemwachia.

Zamu yangu ikafika. Nikatoa sahani. Alinitambua. Akachota wali, akachagua kipande cha nyama, kizuri, si mfupa, akakiweka juu, kama alivyomwekea kila mtu. Nikainua macho, jambo ambalo silifanyi, nikamtazama moja kwa moja. Nilitafuta. Nilitafuta kote, kwenye jicho lenye nyusi na lisilo na nyusi. Halikuwamo. Alikuwa anamtazama mtu aliyeingiza mkono kama mwizi, na hakuwa anadanganya.

"Kula," akaniambia. "Mwanangu alikuwa hai mle ndani mpaka ulipomgusa wewe."